Kumlilia Mama Kulusum kwa Kiingereza

Old Kampala
19 Aprili 1974

Dada yangu Maimunah binti Taban,

Salaam aleikum, wewe na wote walio chini ya paa lako. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto ambalo linajua mvua kabla ya redio. Hali ya nchi yetu ni nzuri sana na Serikali inatutunza kama watoto. Hatukosi kitu. Akipatikana mtu wa kuja huku, mpe miche miwili ya sabuni ya kufulia, sukari kiasi, chumvi na viberiti.

Zamzam mwanangu hajambo? Mwambie baba yake anamsalimu sana na anafikiria harusi yake kila siku.

Sasa nikupe habari ya fahari. Unamkumbuka yule mwalimu Mzungu mzee aliyetufundisha wavulana kule Bombo, aliyekuwa akilia kila akifungua kitabu cha mashairi? Kwake mtu hafi hivi hivi tu. Akifa, lazima mwenzake anyooshe mkono juu aseme Alas. Ndiyo ole wangu ya Wazungu wa zamani. Siku hizi wenyewe hawaisemi, wamekwenda kwao wakaiacha kama walivyoacha reli. Mimi niliiokota nikaiweka.

Mwezi wa pili alikufa baba yake Faustino, karani mwenzangu, wa pale Lubaga. Wewe hujui desturi ya mazishi ya hapa, ngoja nikueleze. Kila ofisi hutoa mtu wake asome rambirambi kwa Kiingereza, hata kama marehemu hakukijua na wanaomzika hawakijui, kwa sababu msiba usiosomewa Kiingereza unaonekana msiba wa watu wasio na kazi. Mkubwa wetu alikuwa na homa, nikatumwa mimi. Wa ofisi nyingine walisoma yale yale, we are sorry, we are very sorry, kama mtu aliyekukanyaga kwenye foleni. Mimi nikasimama, nikanyoosha mkono juu, nikasema Alas. Nikaongeza Alack, pacha wake. Nilipofika Woe is me, ile ya kulia kabisa, wanawake wa Kiganda ambao hawakuelewa hata herufi moja wakaanguka kilio upya, na padri akaacha kutazama saa yake.

Tangu siku hiyo sina Jumamosi. Mara naitwa msibani Kasubi, mara Lubaga, Wakristo, Waislamu, wote. Juzi mjane mmoja alinivuta kando akaniambia, ssebo, yaani bwana, tafadhali usisahau kuweka ile Alas, marehemu alikuwa mtu mzima.

Nilitaka ujue ndugu yako amekuwa nani.

Wahabi Taban
Karani Daraja la Pili


Makina, Kibera
11 Mei 1974

Wahabi, mtoto wa mama yangu,

Aleikum salaam. Sisi wazima. Paa la jikoni linavuja pale pale. Mbuzi amezaa mapacha, mmoja ana akili. Nimefurahi kusikia hamkosi kitu. Sabuni, sukari, chumvi na viberiti nimempa Sulaimani, yule gadi wa treni, na nimeongeza mafuta ya kupikia kwa sababu ulisahau kuyakosa.

Barua yako amenisomea Zamzam, maana miwani yangu imekaliwa na mtoto wa jirani. Tumecheka mpaka tumelia, kwa hiyo labda Kiingereza chako kinafanya kazi. Lakini nikuulize. Mtu akifa, Inna lillahi haitoshi? Nikikwambia pole, pole yangu ina kutu? Baba yetu alizikwa kwa Kiarabu, akaliliwa kwa Kinubi, watu wakala kwa Kiswahili, na hakuna aliyelalamika, hata yeye.

Tuache hayo, tuseme ya maana. Harusi umeiahirisha mara mbili. Mara ya kwanza ulisema likizo imekataliwa, ya pili ukasema njia ya reli imekatwa na mvua, na Sulaimani alikuwa amepita juu yake wiki ile ile. Ndugu zake Faraj, mchumba wa Zamzam, wamekuja. Wamekaa, wamekunywa chai yangu yote, halafu wamesema wanangoja mpaka Jumamosi ya tatu baada ya Idd ya mwezi wa kumi, na baada ya hapo watabisha mlango mwingine. Faraj mwenyewe ni kijana mwema. Ni fundi katika karakana ya reli, anaswali, ana meno yote, na akimwona Zamzam anasahau alichokuja kusema.

Tatizo ni Zamzam. Ameapa hatoki chumbani mpaka baba yake amshike mkono amtoe. Nikamwambia, mwanangu, sheria inaruhusu baba atume wakala. Akaniambia, "Shangazi, mama alipokufa alituma telegramu. Safari hii aje mwenyewe." Mimi mdomo wangu unaujua, lakini hapo nilichukua ndoo nikaenda kuteka maji.

Njoo, Wahabi. Usiniandikie utaangalia. Njoo.

Dada yako,
Maimunah


Old Kampala
20 Julai 1974

Mpendwa dada,

Salaam na baraka. Goti ni lile lile. Barua yako imechukua muda mrefu njiani, na imefika ikiwa imefunguliwa na kufungwa tena vizuri kuliko ulivyoifunga wewe. Namshukuru sana aliyeifunga, na kama anasoma na hii, namtakia afya njema yeye na watoto wake.

Mvua ni nzuri. Serikali ni nzuri. Bei zote ni nzuri, ila vitu vyenyewe havijafika.

Kuhusu harusi, naomba useme inshallah lakini usitaje siku. Kuna mama mmoja mgonjwa hapa Old Kampala, si jamaa yetu, ambaye kwa sasa siwezi kumwacha. Mimi huenda kumwona kila Ijumaa baada ya swala na hukaa naye mpaka karibu na alasiri. Siwezi kueleza zaidi ya hapo. Mwanawe ni mtu mwema, ana cheo kinachomstahili kabisa, na ningependa kila anayesoma barua hii ajue hivyo.

Mwambie Zamzam nitajitahidi. Au mwambie wakala si kitu kibaya. Baba mdogo Rajabu ana kanzu nzuri na anajua kushika mkono.

Nakuomba usinikasirikie.

Wahabi


Makina, Kibera
8 Agosti 1974

Wahabi,

Salamu nimezipokea, nimeziweka pembeni.

Nimekaa na barua yako kutwa nzima. Ndugu yangu wa damu, mwenye mvi, mwenye goti moja zima, ana mwanamke Old Kampala. Kila Ijumaa baada ya swala. Hata hungoji udhu ukauke.

Huyu mama ana mtoto mwenye cheo, kwa hiyo si msichana, na hilo nakusifu, mtu ajue saizi yake. Lakini ugonjwa gani huo unaotaka wewe? Wewe ni dawa? Ulipougua matubwitubwi ulinipa mimi na mbuzi. Mwambie huyo mama apone, au akuoe, alimradi Idd ikiisha uwe hapa.

Zamzam alinisomea mpaka mwisho kwa sauti moja, akaikunja barua, kisha akaikunja na ile nguo ya harusi akairudisha sandukuni. Ndugu zake Faraj wameonekana mara mbili nyumbani kwa Mastula, mwenye mabinti watatu na sofa mpya. Sikuandikii ili nikutishe. Nakuandikia kwa sababu nimeliona lile sanduku likifungwa.

Baba mdogo Rajabu ana kanzu nzuri, kweli. Usiku wa harusi ya Halima alisinzia ndani yake.

Maimunah


Old Kampala
15 Septemba 1974

Dada yangu mpenzi,

Ramadhani njema iko mlangoni, Mungu atufikishe. Barua hii haiji kwa posta. Inakuja na Sulaimani ndani ya kiatu chake, kwa hiyo usiinuse. Ukishasomewa, itie jikoni chini ya sufuria.

Sina mwanamke. Ningekuwa naye ningekuandikia kwa furaha. Nina Kapteni.

Mwezi wa sita nilisoma rambirambi Kasubi, kwenye msiba wa dereva wa jeshi. Nilikuwa nimekolea siku hiyo, nilisema Alas hata mahali pasipo na haja. Nilipomaliza, mwanajeshi akaja akaniambia naitwa garini. Dada, wewe huko hujui maana ya kuitwa garini. Nilisoma kalima kimoyomoyo na nikampa Faustino funguo za nyumba yangu.

Ndani alikaa Kapteni Fadhul, Mnubi mwenzetu, mtu mrefu mwenye miwani myeusi. Akaniuliza, "Wewe ndiye wa Alas?" Nikasema ndiye, afande. Akasema, "Mama yangu ni mgonjwa. Akifa, wakubwa wote watakuja. Nataka zote. Hiyo Alas, na ile ya pili, na ile ya kulia. Usitoke Kampala mpaka amalize." Nikauliza kwa adabu zote, daktari anasemaje. Akasema daktari anasema wiki moja.

Basi karatasi yangu ya kusafiria ikahama ofisini ikaenda kukaa kwenye droo yake. Ukiniuliza kwa nini nisije bila karatasi, kuna bwana mmoja wa ofisi ya jirani aliyesafiri bila karatasi. Bado anasafiri.

Na haikuishia hapo. Akataka nifanye mazoezi kila Ijumaa, pale pale nyumbani kwa mama yake, ili siku yenyewe nisije nikamwaibisha. Mara ya kwanza bibi wa watu alikuwa hawezi kuinua kichwa. Kapteni akasimama mlangoni na bastola kiunoni, nami nikaanza, Alas, kwa sauti ya chini kumheshimu mgonjwa. Mama Kulusum akafumbua jicho moja. "Nani huyo analia?" Nikainua mkono kama mwanafunzi. "Anamlilia nani?" Kapteni akatazama dari. Wewe ungesemaje? Nikasema, "Wewe, Mama." Akafikiri kidogo, akasema, "Basi aongeze sauti."

Ijumaa ya pili nilimkuta amekalishwa kwa mito. Ya tatu alitaka uji kabla sijaanza. Sasa anakula matoke na mchuzi wa karanga, anaita majirani waje wasikilize anavyoliliwa, na wiki iliyopita alinikosoa, mbona leo Woe zimepungua, au nimeudhi mtu? Daktari amepewa baiskeli kwa kazi nzuri. Kapteni anafurahi mama kapona, halafu ananitazama kama mtu anavyomtazama fundi aliyemjengea nyumba nusu. Lakini amri ni amri. Nimemwomba ruhusa mara mbili. Mara zote amesema, "Akifa ukiwa Kenya, je?"

Sasa ona nilivyokwama. Akifa, niko huru, nakuja kumtoa mwanangu. Na mimi simtakii kufa. Ni mama mwema, ana ulimi kama wako, na hakuna mtu mwingine mjini humu anayenicheka bila kuogopa. Kila Ijumaa nikitoka pale namwombea uzima, na nikimaliza kuomba nakumbuka kwamba nimeomba Zamzam akose baba.

Sijui la kufanya. Najua tu kwamba wakala hatafaa.

Ndugu yako,
Wahabi


Makina, Kibera
6 Oktoba 1974

Wahabi, ndugu yangu,

Ramadhani karim. Funga zinakwenda, jua kali, mbuzi mwenye akili amekula mkeka wa kuswalia kwa hiyo hana akili. Sulaimani anarudi kesho na hii, nimempa na soksi.

Kwanza, nilikusingizia. Sirudishi maneno yote, maana tabia zako nazijua, lakini lile la mwanamke nalirudisha.

Zamzam ndiye aliyenisomea. Alipofika pale mama anaposema basi aongeze sauti, alicheka mpaka akaangusha karatasi. Alipofika mwisho, alilia. Sikumgusa, nilimwacha. Asubuhi nilikuta nguo imetoka sandukuni imetundikwa. Ndugu zake Faraj nao wameiona, kwa sababu nilihakikisha mlango uko wazi walipopita. Siku ni ile ile, Jumamosi ya tatu baada ya Idd, ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja. Ni tarehe mbili.

Sasa nisikilize, na usijifanye karani. Unamwendea Kapteni, unamwomba Kapteni, unamwogopa Kapteni. Kwani mgonjwa ni Kapteni? Mwenye msiba ni mama. Katika mzigo huu kuna tabaga, ile kawa yetu ya kufunikia chakula. Zamzam ameisuka mwenyewe, nyekundu na zambarau, aliianza kwa ajili ya nyumba yake akasema apewe huyo bibi. Mpe mkononi mwake, usimpe mwanawe, usimpe mtumishi. Akiuliza nani ameisuka, mwambie. Akiuliza binti anaolewa lini, mwambie. Na Wahabi, usimwambie kwa Kiingereza.

Mwanamke wa Kinubi akipewa tabaga ya bi harusi hawezi kukaa nayo hivi hivi. Ni lazima atoe kitu.

Dada yako,
Maimunah


Old Kampala
29 Oktoba 1974

Dada Maimunah,

Idd njema iliyopita. Naanza na la kwanza nisije nikalichanganya na la mwisho.

Siku ya pili ya Idd nilimpa Mama Kulusum tabaga. Akaipakata, akapitisha kidole kwenye kila rangi. "Nani kasuka?" Binti yangu, nikasema. "Yuko wapi?" Kibera. "Mkono wake mzuri. Anaolewa lini?" Nikamtajia siku. Akaiweka tabaga chini, akanitazama. "Na wewe hapa unafanya nini?"

Dada, nilikuwa na uongo mzuri tayari. Sijui ulikwenda wapi. Nikasema, "Nangoja ufe, Mama."

Alicheka mpaka wakamletea maji. Halafu akaacha kucheka, akaniuliza jina la binti, akalisema mara mbili tatu peke yake. Akamwita Kapteni. Akamwambia amechoka na mazoezi, anataka msiba wenyewe, Ijumaa hii, na watu wote. Kapteni akasema, mama, hujafa. Akasema, "Ndiyo maana nataka uufanye sasa. Nikifa nitasikiaje?" Kapteni Fadhul anaogopwa kutoka hapa mpaka Jinja. Alikwenda kutafuta ng'ombe.

Ijumaa ua ulijaa. Walikuja wakubwa wenye kofia, wake zao, majirani, na Faustino aliyekuja kushuhudia kama nitatoka. Sheikh alifika amekasirika, akasema dini haina tanga la mtu aliye hai. Mama Kulusum alikuwa amekaa kwenye kiti cha mkono katikati, amejifunika shuka jeupe, akasema kutoka ndani yake, "Sheikh, kuna pilau." Sheikh akaketi.

Nikasoma. Sijawahi kusoma hivyo maishani. Alas ilitoka, Alack ikatoka, Woe is me nikairudia kwa ombi la mwenyewe maiti. Wake za wakubwa walilia wakafuta wanja. Mkubwa mmoja mwenye nishani nyingi alikohoa akageuka upande. Nilipomaliza, watu hawakujua wafanye nini, kupiga makofi au kusema pole, na pole waseme kwa nani.

Shuka likafunuka. "Ahsanteni kwa kunizika," akasema. "Sheikh, nikuulize. Marehemu akiacha wasia, wanawe wautimize au wauache?" Sheikh kwa wakati huo alikuwa ameshakula sahani ya pili. Akasema, wasia wa maiti ni amana, wautimize. "Umesikia, Fadhul. Wangu ni mmoja. Mpe huyu mtu karatasi yake akamwoze mwanawe."

Mbele ya wakubwa wote, angesemaje? Alitaka kusema kitu, wakubwa wakamtazama, na mmoja akaitikia kwa kichwa akasema wasia ni wasia. Akaitoa karatasi akaitia sahihi juu ya boneti la gari. Lakini afisa ni afisa. Siku saba tu, na Faustino na karani mwingine wa ofisini wakatakiwa watie sahihi kwamba nitarudi. Wakatia. Faustino aliiharibu ya kwanza, akatia nyingine.

Barua hii na mimi tumo katika treni moja. Sulaimani amekataa kuibeba, anasema nitakupa mwenyewe. Nimemwambia barua ni barua, lazima iwe na mtu wa kuileta. Nikifika kabla yake, geuka utazame ukutani mpaka umalize kusomewa.

Nakuja, dada. Mwambie.

Wahabi


Makina, Kibera
24 Novemba 1974

Wahabi,

Natumai uliingia salama, na Faustino ameacha kuharibu sahihi. Sisi hapa tunakula makombo ya harusi mpaka leo. Mama Faraj amechukua sufuria yangu kubwa na anajifanya ni yake.

Uliondoka upesi, hukupata kusikia yaliyosemwa nyuma yako, nami sipendi mtu akose maneno yake.

Uliozesha vizuri. Ulisema Kiarabu chako chote bila kukwama, hata Rajabu aliamka kukusifu. Lakini Zamzam alipoletwa mlangoni amefunikwa, ukatakiwa umshike mkono umvushe kizingiti, ukasimama kama nguzo ya simu. Nikakufinya. Hukusikia. Umemshika mkono, humpeleki wala humwachii. Watu wote wanangoja useme dua. Ndipo ukasema Alas. Mara moja, kwa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyaga msumari na hataki watu wajue. Na wazee wote wakaitikia, Amin.

Mama Faraj ananiuliza mpaka leo ile ni dua ya kitabu gani. Nimemwambia ni ya zamani sana, haisomwi siku hizi. Sasa anataka mwanawe mdogo afundishwe.

Zamzam alikuja kunisalimia juma lililopita. Amenenepa mashavu, Faraj bado anasahau anachotaka kusema. Nikamtania kuhusu dua ya baba yake. Hakucheka. Akaniambia, "Shangazi, wao waliitikia Amin. Mimi nilimsikia baba analia." Basi tukaosha vyombo.

Nilikusihi usirudi, ukarudi. Sababu yako naijua nusu, na hiyo nusu nyingine usinijibu kwa posta.

Dada yako anayekupenda, hata kama sisemi,
Maimunah


Old Kampala
20 Desemba 1974

Dada yangu,

Salaam nyingi kwako, kwa Zamzam na mumewe, na kwa Mama Faraj aliye na sufuria yetu. Hii inakuja kwa njia ya kiatu.

Sababu ya kurudi unaijua. Watu wawili walitia sahihi majina yao kwa ajili yangu. Siku niliyoingia ofisini Faustino alikuwa ameketi amevaa koti, tayari kwa lolote. Aliponiona akavua koti, akaanza kupiga taipu, na hatujalizungumza tena.

Ila balaa lingine limezaliwa. Wale wakubwa waliokuwa uani kwa Mama Kulusum, kila mmoja sasa anataka kusikia wake. Wanatuma gari. Mmoja wiki hii, wawili wiki ijayo, na wake zao wanashindana nani ataliliwa kwa Woe nyingi. Mimi nakaa kwenye kiti cha wageni na kalamu, namwuliza mtu mzima mwenye nishani, afande, ukituacha, tutakosa nini? Anafikiri muda mrefu. Mke wake anafikiri. Mmoja aliniambia niandike kwamba alikuwa mrefu. Kiingereza ninacho, dada, kinatosha nchi nzima. Cha kusikitikia ndicho kisichopatikana, kama chumvi.

Mama Kulusum mzima. Ijumaa nilikwenda kwa hiari yangu kumsalimu. Tabaga ya Zamzam ameitundika ukutani, hataki ifunike chakula, anasema chakula kitaiharibu. Akaniomba nimlilie kidogo, kwa ajili ya mazoea. Nikamsomea, nikamwekea zote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kuna kitu umekisahau huko Kenya."

Nikamwuliza nini, Mama. "Lile neno lako la kwanza. Unalisema, lakini ndani hamna kitu. Zamani lilikuwa na kitu kidogo, nami nilikuwa nakipenda."

Nikamwambia ukweli, jinsi nilivyosimama mlangoni na mkono wa mwanangu, jinsi nilivyokosa neno lingine katika lugha zote ninazozijua, na wazee wakaitikia Amin. Nilimwambia kwamba nadhani nililimaliza pale, na kwamba wakubwa hawa wote nawapa maganda. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aligeuka akaitazama tabaga pale ukutani.

Halafu akaniambia nikuandikie, wewe umwambie Zamzam. Kwamba lile neno lilikuwa liwe lake yeye, Mama Kulusum, siku yake ikifika, aliahidiwa mbele ya mashahidi na mwanawe alichinja ng'ombe. Lakini amesema si kitu. Zamzam alitunze.

Wahabi